Mwili Ulionyooka na Nguo Zake



Kurasa hizi za Kiswahili huwa na habari za michezo, za safari na za maisha ya mabwenini. Leo naomba nafasi kidogo niandike habari za nguo. Najua kwamba wavulana wengine watataka kugeuza ukurasa mara moja. Nawasihi wasigeuze, kwani huko mbele liko neno lao pia.

Sitasema juu ya nguo zote wala watu wote. Nataka kusema juu ya mwili wa namna moja tu, nao ni mwili ulionyooka: mabega na nyonga vyakaribia kulingana, kiuno hakikuingia sana, na mikono na miguu ina misuli ya michezo. Mimi mwenyewe ni mtu wa namna hiyo. Nilikimbia mita 400 hapa shuleni kwa miaka minne, na hata sasa hukimbia alfajiri kabla magari hayajajaa barabarani. Fundi akinipima huandika hivi katika daftari lake: mabega inchi 16, kifua 34, kiuno 28, nyonga 35. Mwenye kujua hesabu ataona kwamba kati ya kiuno na nyonga zangu pana tofauti ya inchi 7 tu. Yule anayesifiwa mjini kuwa ana umbo la nane huenda tofauti yake ikafika inchi 11 au 12.

Hapa Kampala sifa za mwanamke huanzia kiunoni na kushuka. Watu hawafichi, husema ndani ya teksi, sokoni, na hata arusini mbele ya wazee. Mwenye nyonga hupewa jina zuri. Mwenye mwili ulionyooka huitwa ubao, au huulizwa kama yeye ni mvulana. Mtu aweza kusema kwamba huo ni mzaha, na mzaha hauui. Ni kweli, lakini mimi nimeuona mzaha huo ukifanya kazi mbaya.

Alikuwapo mwenzangu mmoja katika timu yetu, aliyenishinda kila mara katika mita 200. Tulipokuwa kidato cha tatu aliacha mbio. Hakuumia mguu, wala hakukosa ada ya shule. Nyumbani kwao aliambiwa kwamba mbio zinamla nyonga, na kwamba akiendelea hatapata mume. Akaacha, akangojea nyonga mwaka mzima. Nyonga hazikuja, na mbio nazo zilikwisha ondoka. Kwa ajili yake, na kwa ajili ya wasichana wa sasa ambao huenda wanaambiwa maneno hayo hayo, nimeona inafaa niandike yale niliyojifunza.

Kwanza yafaa tuseme kweli juu ya mwili wenyewe. Upana wa nyonga, kwa sehemu kubwa, ni upana wa mifupa. Kukimbia kwaweza kupunguza mafuta na kuongeza misuli, lakini hakuna mazoezi yanayoufanya mfupa wa nyonga kuwa mwembamba. Msichana aliyeumbwa na nyonga nyembamba atakuwa nazo akikimbia, na atakuwa nazo akikaa kivulini. Dorcus Inzikuru alipoiletea Uganda ubingwa wa dunia wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji, kule Helsinki katika mwaka wa 2005, saa ya waamuzi haikuuliza inchi za kiuno. Halimah Nakaayi alishinda mita 800 huko Doha katika 2019. Naye Peruth Chemutai, katika michezo ya Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021, akawa mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata medali ya dhahabu ya Olimpiki. Nchi nzima ilishangilia. Basi ni ajabu kwamba nchi hiyo hiyo, siku ya pili yake, humwambia binti aliye nyumbani aache mbio asije akaharibu umbo lake.

Lakini kumwambia msichana, "Usijali maneno ya watu," hakumsaidii sana asubuhi anaposimama mbele ya kioo naye yampasa kwenda arusini. Yeye ataka kujua avae nini. Hilo si jambo la aibu. Mtu apendezwaye na nguo zake hutembea vizuri, na hufanya kazi zake bila kujivutavuta. Kwa hiyo sasa tuje kwenye nguo.

Mwalimu wangu katika jambo hili ni fundi mmoja wa mtaa wa Kiyembe. Wageni wa Kampala na wajue kwamba Kiyembe ni mtaa wa vitambaa, katikati ya mji. Huko vitenge vimetundikwa toka juu hadi chini, na cherehani zalia mchana kutwa. Wateja wengi humletea fundi huyo picha katika simu: mwanamke wa Lagos au wa Marekani amevaa gauni zuri mno. Yeye huitazama picha, kisha humtazama mteja, akauliza kwa upole, "Nyabo, nimpime huyu au nikupime wewe?" Watu hucheka, lakini swali lake ni zito. Neno lake kubwa ni kwamba nguo hukatwa ikaufuata mwili. Mwili haukatwi ukaifuata nguo.

Alinieleza kwamba mwili ulionyooka una njia mbili, na zote mbili ni nzuri. Ubaya hutokea mtu anaposimama katikati ya njia.

Njia ya kwanza ni kukitafuta kiuno. Hapa fundi hulibana gauni kiunoni, kisha huliachia lifunguke kwenda chini. Sketi huwa ya marinda, au hukatwa mshazari ili kitambaa kicheze mtu anapotembea. Blauzi yaweza kuongezwa kipande kifupi kinachoanzia kiunoni na kusimama juu ya nyonga kama mwavuli mdogo. Au fundi hushona mishono miwili ya wima, kutoka begani kupita kifuani hadi chini, akaipinda kidogo kuingia ndani pale kiunoni. Macho ya mtazamaji hufuata mshono, na mshono ukiingia ndani, macho nayo huingia. Rangi pia hufanya kazi hiyo. Ukiwa na kitenge cha maua makubwa, maua yawekwe kwenye sketi, na juu pawe na rangi moja iliyotulia, kwa kuwa penye maua ndipo macho yanapokwenda. Mkanda nao husaidia, ila usiwe mpana mno. Kwa mtu mwenye kiwiliwili kifupi, upana wa vidole viwili watosha. Mkanda mpana humkata vipande viwili, akaonekana kama mzigo uliofungwa kamba.

Njia ya pili ni kuufuata mstari. Maana yake ni kuacha kutafuta kiuno, na kuuonyesha unyofu wenyewe. Gauni hushuka moja kwa moja kutoka begani hadi chini kidogo ya goti. Au huvaliwa suruali iliyonyooka pamoja na shati refu, au koti refu lisilofungwa vifungo. Katika njia hii sisi tumebarikiwa kuliko wengine. Mwenye umbo la nane akivaa gauni lililonyooka, litamkwama kwenye nyonga na kumning'inia kiunoni; kwetu sisi hushuka kama maji. Nimewaona wasichana wakilia kwamba hawana umbo, hali wao ndio wanaoweza kuvaa nguo ambayo wenzao hawaiwezi kabisa.

Katikati ya njia ndipo penye hatari mbili. Ya kwanza ni gunia: nguo pana kote, isiyobana popote, ambayo msichana huivaa ili asionekane. Hiyo humwongezea uzito asio nao. Ya pili ni nguo nyembamba yenye kung'aa, iliyoshika mwili toka juu hadi chini. Mara nyingi hiyo huonyesha kila mfupa na kila msuli, lakini haina mahali pa kuyapumzisha macho. Fundi wangu hupenda pamba nzito kidogo, kitambaa kinachosimama chenyewe. Asema kitambaa chepesi huiga mwili, na kitambaa kizito huusaidia.

Sasa mabega. Mkimbiaji, mwogeleaji na mchezaji wa netiboli huwa na mabega yaliyojaa. Mikono ya gauni iliyovimba kama puto huyaongeza, na shingo iliyobana koo huyafanya yaonekane mapana zaidi. Shingo yenye umbo la herufi V huyagawa mabega na kurefusha shingo. Gauni lisilo na mikono pia hufaa, kama sherehe yenyewe yaruhusu, kwani mkono wenye misuli iliyotengenezwa na kazi hupendeza kama mkono mwingine wowote. Mtu asidhani kwamba amelazimika kuuficha.

Mpaka hapa nimesema juu ya magauni ya kila siku. Lakini kwa mwanamke wa Kampala mtihani wenyewe ni gomesi, hasa siku ya kwanjula, yaani siku bwana arusi aletwapo nyumbani kwa wazazi wa msichana kutambulishwa. Wanaume huvaa kanzu na koti, na wanawake huvaa gomesi, na wageni wote hutazama.

Kabla ya kwanjula ya dada yangu mkubwa, jirani mmoja mwenye nia njema alimletea mama mfuko. Ndani yake mlikuwa na nyonga za sponji, zile ziuzwazo madukani mjini, zinazovaliwa chini ya nguo ili mtu aonekane amejaa. Zilikuwa zangu mimi. Shangazi yetu, ssenga, kama wasemavyo Waganda, alikuwa amekaa mkekani. Nilipiga magoti nikamsalimu, kisha nikamwuliza maoni yake, kwa maana kwa Waganda ssenga ndiye mwenye kumfundisha binti mambo ya namna hiyo. Alizichukua zile sponji, akazibinya, akasema, "Mwanangu, utapiga magoti mara ngapi siku hiyo?" Nikahesabu: tutawasalimu wageni, tutawakaribisha, tutawashukuru, kila mara ni magoti. Akasema, "Basi vaa hizi, uende ua wa nyuma, upige magoti mara kumi." Nilifanya hivyo. Kabla ya mara ya sita nyonga moja ilikuwa imekwisha hamia tumboni. Mama alicheka mpaka akafuta machozi.

Ssenga akanifunga kikoyi. Gomesi haivaliwi peke yake. Chini yake hufungwa kikoyi, ili kitambaa kisishike miguuni, na nguo isimame mbali kidogo na mwili. Aliyekonda hukikunja kikoyi akakifunga kwa unene, na aliyejaa hukifunga kwa wepesi. Nilimwuliza ssenga kuna tofauti gani basi kati ya kikoyi na sponji, ikiwa vyote viwili vyaongeza nyonga. Alifikiri kidogo kabla ya kujibu. Akasema kwamba kikoyi huvaliwa na wote, mnene na mwembamba, bibi na mjukuu, na kila mtu aliyepo ajua kwamba kipo; kwa hiyo hakuna anayedanganywa. Tena kikoyi hukuacha ufanye yale uliyojia. Tangu siku ile hiyo ndiyo kanuni yangu kwa kila nguo: je, naweza kupiga magoti nayo, kupanda boda boda nayo, kubeba mtoto wa watu nayo? Nguo isiyoniruhusu kufanya hayo, hata ikinipendezesha, ni nguo ya kusimamia tu.

Nilipoitazama gomesi vizuri niliona kwamba mafunzo ya fundi wa Kiyembe yote yamo ndani yake. Juu kuna shingo ya mraba, yenye vifungo viwili upande wa kushoto. Mabegani kitambaa kimesimama kwa ncha. Chini kabisa mna kitambaa kingi, kwani gomesi iliyoshonwa vizuri yaweza kula mita 6. Na katikati kuna mshipi mpana, ambao haufungwi kiunoni. Hufungwa chini ya kiuno, juu ya nyonga, ukaning'inia mbele. Mabega yameinuliwa, nyonga zimejazwa, na kati yake kiuno huonekana chenyewe bila kubanwa. Kwa kuwa mabega yangu ni mapana tangu mwanzo, fundi alizipunguza zile ncha za mabegani kidogo, naye ssenga akazidisha mkunjo wa kikoyi. Nguo ikatulia. Siku ile hakuna aliyeniita ubao.

Na tukumbuke nguo hii ilitoka wapi. Husimuliwa kwamba ilishonwa na fundi wa Kigoa aliyeitwa Gomes, na ndiyo sababu ya jina lake, kwa ajili ya wasichana wa shule ya Gayaza iliyofunguliwa mwaka wa 1905. Baadaye, katika 1914, Drusilla Namaganda, mke wa Kabaka Daudi Chwa, aliivaa, ikaenea katika nchi. Kwa hiyo vazi hili la heshima, ambalo leo twadhani ni la akina mama walionenepa tu, lilianza kwa wasichana wa shule. Hao walikuwa wa kila umbo, kama wanafunzi wa shule yoyote. Na mshipi na kitambaa kingi viliwafaa wote. Mwenye mwili ulionyooka asiiogope gomesi. Yawezekana kabisa kwamba mmoja wa wale wa kwanza kuivaa alikuwa kama yeye.

Wengi wetu hatuna fedha za kushona kila mara, nasi huenda Owino, soko ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe, karibu na uwanja wa Nakivubo. Katika mitumba hazina ni nyingi, lakini yataka akili. Mimi hutazama mabega kwanza. Mshono wa bega uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Ukipita, acha, kwa sababu kulitengeneza bega la koti ni kazi ngumu na ya gharama. Katika suruali na sketi nyembamba, pima paja kwanza, usipime kiuno. Wakimbiaji na wachezaji wa mpira tuna mapaja yaliyojaa, na suruali itoshayo kiuno hukataa kupita pajani. Nunua inayolitosha paja, kisha mpe fundi apunguze kiuno. Kiuno hupunguzwa kwa saa moja. Kitambaa cha paja hakiongezwi.

Sare ya shule nayo yaweza kutengenezwa bila kuvunja sheria. Blauzi iingizwe ndani ya sketi, marinda yafunguke toka kiunoni, na sweta iishie juu ya nyonga. Sweta inayofika mapajani humgeuza msichana mrefu kuwa nguzo ya umeme.

Sasa neno la wavulana, kama nilivyoahidi. Nanyi mna miili iliyonyooka, na wengi wenu huwa mwaona haya kwa wembamba. Msinunue koti kubwa mkidhani litawajaza. Mabega yakianguka, mvaaji huonekana kama ameazima koti la baba yake, na wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Koti likae sawa begani, na kifungo cha juu kifungwe kiunoni. Suruali ishuke wima, isibane. Kanzu ndiyo rafiki yenu mkubwa. Nguo hiyo iliingia Buganda pamoja na wafanya biashara waliotoka pwani katika karne ya 19, nayo yapenda watu warefu walionyooka. Angalieni tu urefu wake: pindo liguse viatu, lisionyeshe soksi, wala lisifagie njia.

Neno la pili ni fupi. Yule msichana mnayemwita ubao husikia. Hucheka pamoja nanyi, kisha huenda kuhesabu inchi zake. Huenda yeye ndiye mkimbiaji ambaye shule yetu yamngojea.

Basi, dada zangu mlio katika timu mwaka huu, msiache mazoezi kwa sababu ya kiuno. Mkitaka kiuno, fundi yupo Kiyembe, mkanda upo, marinda yapo, na kikoyi cha ssenga kipo. Mkitaka mstari, nyoosheni mstari na mtembee bila kuinama. Nguo ya kubadili hupatikana kila siku sokoni. Miguu ya kukimbia haiuzwi Owino.

Mimi mwenzenu,
Mwanafunzi wa Zamani